Oganiki Haimaanishi Safi: Uliza Hiyo Samadi Ilikaa Siku Ngapi

Kuna neno moja limetuteka sisi wasee wa mjini: oganiki. Ukilibandika kwa stika ya kijani, spinachi ya mbao inakuwa ya soo mbili na hakuna mtu anauliza kitu. Ukilitaja kwa vidio ya smuthi ya sukuma mbichi na tangawizi, watu wanasevu na kutumiana. Tumeamini kwamba mboga ikikuzwa bila mbolea ya kiwandani, basi hiyo mboga ni safi, unaweza kuichuma na kuitafuna hapo hapo kama sungura.

Mimi msimamo wangu ni huu: kwa mboga za majani, "oganiki ama kemikali?" ni swali la pili. La kwanza ni "samadi ilikaa siku ngapi kabla ifike karibu na hili jani?" Muuzaji akikosa jibu la hilo, stika yake ni rangi tu.

Tuanze na kuongea ukweli bila aibu. Mbolea oganiki mara nyingi ni mavi. Mavi ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku, pamoja na majani na mabaki ya jikoni. Kwa heshima tunaiita samadi. Ikiozeshwa vizuri ikawa mboji, hiyo ni mali. Udongo unashika maji, unakuwa laini, mimea inakula polepole kwa muda mrefu. Siko hapa kutukana samadi, na mkulima anayeitumia si adui wangu.

Shida ni kile kinachosafiri ndani yake ikiwa mbichi. Kwa matumbo ya ng'ombe huishi bakteria anayeitwa E. coli O157:H7. Ng'ombe mwenyewe haumwi, yuko fiti, anatafuna nyasi zake. Lakini wewe ukimeza hata chini ya bakteria 100 wa aina hiyo, inaweza kutosha kukuangusha. Kwa kawaida ni siku 3 au 4 baadaye, tumbo linakatakata na unaanza kuharisha damu. Kwa watoto wadogo inaweza kuenda mbali zaidi, hadi figo zikafeli. Samadi ya kuku nayo inaweza kubeba Salmonella. Na kama kuna kinyesi cha binadamu kimeingia mahali, kuna mayai ya minyoo aina ya askaris, ambayo yanaweza kukaa kwa udongo kwa miaka yakingoja mtu wa kumwingia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo utakiona kwa macho. Jani linabaki kijani, linanukia vizuri, linapigwa picha linatoka safi kabisa.

Na kwa nini naongelea majani na si mahindi? Angalia jinsi mboga zenyewe zilivyo. Hindi limefungwa kwa maganda, ndizi iko juu na ina ganda lake. Dania, spinachi na letusi ziko chini, karibu na udongo. Mvua ikinyesha, matone yanarusha matope hadi kwa majani. Mkulima akimwagilia na ndoo, ni hivyo hivyo. Majani yenyewe yana mikunjo na mishipa, vidudu vinapata pa kujificha. Na pale jani limekatwa ama kuchanika, vidudu vinaweza kuingia ndani, mahali ambapo maji ya bomba hayafiki.

Wengi wetu husema, "Si naosha tu?" Osha, ndiyo. Kuosha na maji yanayotiririka kunapunguza. Siki na chumvi zinaweza kupunguza zaidi kidogo. Lakini kupunguza na kumaliza ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2006 huko Marekani kulikuwa na spinachi changa ya pakiti, ile inauzwa ikiwa imeoshwa tayari, ufungue ule. Watu karibu 200 katika majimbo 26 waliugua E. coli O157:H7, na 3 wakafa. Wachunguzi walifuata nyayo hadi shamba moja California, na bakteria hao hao wakapatikana kwa kinyesi cha ng'ombe na cha nguruwe mwitu karibu na hapo. Hakuna aliyekuwa amemwaga samadi mbichi juu ya hiyo spinachi. Kinyesi kilikuwa tu jirani, na pengine hiyo ilitosha. Sasa fikiria pale ambapo kinyesi kimewekwa shambani makusudi.

Hilo nalo limeshatokea. Mwaka 1992, jimbo la Maine hapo hapo Marekani, mama mmoja alikuwa anakula mboga za bustani yake mwenyewe. Msimu mzima aliweka samadi ya ng'ombe wake na ndama wake. Hakukuwa na kemikali, hakukuwa na broka katikati, yaani ile ndoto yote ya oganiki. Watu 4 wakaugua, mtoto mmoja akafa.

Sasa njoo nikuonyeshe mahesabu, manake hapa ndipo moto unawaka. Sheria za kilimo hai za Marekani zinasema hivi: ukitumia samadi mbichi kwa mazao yanayogusa udongo, lazima uichanganye kwa udongo angalau siku 120 kabla ya kuvuna. Kwa mazao ambayo hayagusi udongo, siku 90. Huo muda ni wa kuwapa vidudu nafasi ya kufa wenyewe kwa jua, ukavu na njaa.

Dania yetu huchukua kama siku 40 hivi kutoka kupandwa hadi kuuzwa. Ukiweka samadi mbichi leo na kupanda leo, siku ya 40 dania iko kwa kachumbari yako, na bado siku 80 kwa ile saa ya usalama. Ili ufuate hiyo sheria, ungeweka samadi kisha uache shamba tupu siku 80, ndio upande. Niambie ni mkulima gani amekodisha robo ekari kule Kiambu ataacha shamba likae bure karibu miezi 3 na kodi inahesabiwa.

Sukuma ndio kabisa. Unaanza kuchuma baada ya wiki 6 hadi 8, halafu unachuma tena na tena kwa miezi. Kati ya mavuno, majani yakianza kuwa ya manjano, mkulima anaongeza samadi pale chini ya shina. Kama ni mbichi, kila akiongeza, saa inarudi sifuri. Wiki ijayo anachuma. Kwa hivyo unaweza kuwa na shamba ambalo halijawahi kuona kemikali hata siku moja, oganiki asilimia mia, na ambalo hakuna jani lake limewahi kufikisha hata siku 30 tangu kinyesi kibichi kimwagwe.

Kabla umlaumu huyo mkulima, kumbuka alikotoka. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lilipita shilingi 6,000. Serikali ikaleta ruzuku, bei ikashuka hadi 3,500, halafu 2,500. Watu wakapumua. Halafu 2024 tukasikia mbolea feki imeuzwa kwa wakulima kupitia huo huo mpango wa ruzuku. Sasa wewe ungekuwa yeye, na lori la samadi kutoka maboma ya Kajiado limepita hapo kwa barabara, ungefanya nini? Ungenunua. Hata mimi ningenunua. Alichokosa huyo mkulima ni mtu wa kumwambia kwamba kati ya lori na shamba kuna hatua moja katikati.

Hiyo hatua ni moto, lakini si wa kuni. Samadi ikirundikwa vizuri na majani makavu na maji kiasi, inajipasha yenyewe joto. Zile sheria nilizotaja zinataka lundo la wazi lifike kati ya nyuzi 55 na 77 kwa siku 15, na katika hizo siku ligeuzwe angalau mara 5. Kugeuza ndio siri, kwa sababu katikati panachemka na pembeni panabaki baridi, na vidudu vya pembeni vinaishi. Hauna kipimajoto? Chomeka chuma kirefu hadi katikati ya lundo, ngoja dakika chache, kitoe. Kinapaswa kuwa moto hadi mkono ukatae kukishikilia. Kama ni vuguvugu tu, bado kazi haijafanyika. Samadi iliyokaa nyuma ya choo mwezi mzima bila kuguswa imekauka, lakini haijaiva.

Na hapa kuna habari njema. Mboji iliyopitia hilo joto haidaiwi zile siku 120. Unaweka, unapanda, unavuna. Ile miezi 3 ya shamba kukaa bure inageuka kuwa kazi ya wiki chache na uma wa shamba. Yaani usalama hapa hauhitaji mkulima awe tajiri. Unahitaji maarifa, nguvu, na mnunuzi ambaye anajali. Huyo wa tatu ndiye wewe.

Najua mnachotaka kusema. "Shosho yangu alitumia samadi maisha yake yote na akafika miaka 90." Heshima kwa shosho. Lakini angalia alivyokula. Sukuma yake ilikatwa, ikaingia kwa sufuria na vitunguu, ikakaangwa hadi ikalainika. Terere, managu, kunde, zote zilipita motoni. Moto wa jikoni ulikuwa unafanya ile kazi ambayo lundo la samadi halikufanya. Na kusema ukweli, wale watoto wa enzi zake waliokufa na kuharisha hawako hapa kutoa ushuhuda.

Sisi ndio tumetoa moto. Kizazi chetu ndicho kinakunywa sukuma mbichi kwa glasi, kinaweka letusi kwa baga, kinanyunyiza dania mbichi juu ya kila kitu hadi mayai pasua ya saa nne usiku. Tumebadilisha vile tunakula na hatukubadilisha vile mboga zinakuzwa. Hapo katikati ndipo hatari iko.

Wengine watasema, "Kwa hivyo unatwambia turudi kwa kemikali?" Hapana. Mboga ya mbolea ya kiwandani inaweza kumwagiliwa na maji machafu vilevile. Hapa Nairobi kuna mashamba kando ya mito ambayo yanakunywa maji taka moja kwa moja, na hiyo mboga inaingia sokoni bila stika yoyote. Kidudu hakisomi stika. Anayesema kemikali ndiyo salama na anayesema oganiki ndiyo salama wote wanakuuzia jibu rahisi.

Sasa niongee na watu wa kazi yangu, wale tunatengeneza kontenti. Niliacha chuo mwaka wa pili na hii ndiyo inanilipia kodi, kwa hivyo naelewa ganji inavyoitana. Miezi kadhaa imepita, kampuni moja inayouza vikapu vya mboga oganiki hapa mjini ilinitafuta. Walitaka vidio 3, zote za mboga mbichi: smuthi, saladi, na moja nikitafuna spinachi ikiwa imetoka tu kwa kikapu. Pesa yao ilikuwa kodi ya nyumba yangu ya miezi miwili. Nikawauliza maswali matatu:

1. Mnatumia mbolea gani, ya ng'ombe, ya kuku, ama nini?
2. Iliozeshwa kwa muda gani kabla iingie shambani, ama ilitoka bandani moja kwa moja?
3. Maji ya kumwagilia yanatoka wapi?

Jibu lilikuja: "Mbolea yetu ni ya asili asilimia mia." Nikauliza tena, nikaomba tu idadi ya wiki. Nikatumiwa picha ya shamba, nzuri sana, jua linachomoza. Nikakataa ile kazi. Wiki mbili baadaye nikaona zile vidio kwa mtu mwingine, spinachi inatafunwa, maelfu ya laiki.

Sijui kama hiyo spinachi ilikuwa na shida. Pengine mboji yao ni safi kuliko ya wote. Shida yangu ni kwamba hata wao hawakuweza kuniambia, na bado walitaka nikuambie wewe uitafune mbichi. Watu wananiamini kwa sababu naongea kama wao. Hiyo imani si yangu kuiuza kwa mtu ambaye hawezi kujibu swali la wiki ngapi. Ukiwa na wafuasi hata 800, wewe tayari ni afisa wa afya bila mshahara na bila mafunzo. Angalau uliza.

Kitu kinaniuma zaidi ni kwamba maswali haya si mageni hapa Kenya. Wakulima wetu wanaouza mishiri Ulaya wanayajua vizuri sana. Mnunuzi wa huko hudai cheti kama GLOBALG.A.P., na ukaguzi wake unataka kujua mbolea asili imetumika vipi na hatari yake imepimwa vipi. Kuna rekodi, kuna tarehe, pakiti inaweza kufuatwa hadi shamba. Yaani mtu wa London anaweza kujua mishiri yake ilikulia wapi, na wewe wa Kangemi hujui dania yako ililala wapi jana. Tuna kiwango chetu cha KS 1758 cha mboga na matunda, na tangu 2007 Afrika Mashariki tuna kiwango cha pamoja cha kilimo hai, ambacho alama yake ni Kilimohai. Karatasi tunazo. Lakini kwa soko la mtaa, ni nani anakuja kuangalia? Kaunti zinatoza mama mboga ushuru kila siku bila kukosa. Hiyo bidii ya kukusanya ushuru ingekuwa pia ya kupima mboga na kufunza wakulima, tungekuwa mbali.

Na usidhani ukiuliza unasumbua watu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na kifungu cha 46 kinakupa haki ya kupata habari kuhusu bidhaa unayonunua. Kinasema mtumiaji. Hakijasema mtumiaji wa supamaketi.

Kwa sasa, kabla kaunti iamke, hivi ndivyo mimi naishi. Mboga ambayo sijui ilikotoka inapita motoni, hakuna mjadala. Dania naosha jani kwa jani na maji yanayotiririka, na kama sijui shamba lake naiweka kwa sufuria dakika za mwisho badala ya juu ya sahani. Smuthi natumia matunda ya kumenya. Nyumbani kukiwa na mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee, ama mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini, hakuna majani mabichi mezani isipokuwa yale tunajua yametoka wapi. Hao ndio huumia vibaya.

Na nyinyi mnaopanda sukuma kwa magunia pale juu ya paa, hongereni, lakini msichukue samadi ya kuku ikiwa bado inanuka mkaimwaga juu. Nunueni mboji iliyoiva, ama mfanye yenu na muigeuze. Mkono uliogusa samadi uoshwe na sabuni kabla uguse jani.

Halafu uliza. Usiulize kwa dharau. Muulize mama mboga wako kama mtu mnayejuana: "Mathe, hii dania imetoka wapi? Huwa wanatumia mbolea gani?" Mara ya kwanza atacheka. Pengine hajui, na si makosa yake, yeye alinunua kwa broka saa kumi usiku sokoni. Lakini watu kumi wakimuuliza kwa wiki moja, atamuuliza broka. Broka akiulizwa na akina mama ishirini, atamuuliza mkulima, kwa sababu sasa kuna pesa kwa jibu. Na mkulima aliye na lundo la mboji iliyogeuzwa mara tano atakuwa, kwa mara ya kwanza, na kitu cha kujibu ambacho jirani yake hana.